Jinsi ya kukarabati chumba kidogo cha kufulia bila kutumia fedha nyingi

Na MWANDISHI WETU

KATIKA nyumba nyingi mijini, mahali pa kufulia nguo ndipo hukumbukwa mwisho. Mjenzi akishagawa sebule, vyumba vya kulala na jikoni, pembe inayosalia karibu na choo au kwenye roshani hutiwa mfereji mmoja, na kazi ikahesabiwa kuwa imekwisha. Baada ya miaka michache sakafu huanza kutuamisha maji, rangi hubambuka, kuta hufanya kuvu na ndoo hutapakaa kila upande.

Hata hivyo, pembe hiyo iliyopuuzwa ndiyo hubeba mojawapo ya kazi nzito zaidi nyumbani. Hapo ndipo mama wa nyumba au mama fua huinama kwa saa nyingi kila wiki. Hapo pia ndipo maji, umeme, sabuni kali na watoto wadogo hukutana katika nafasi isiyozidi hatua mbili. Mtu akiteleza, akipigwa na umeme au mtoto akinywa dawa ya madoa, gharama ya matibabu hupita mbali ile ambayo ingetumika kurekebisha chumba chenyewe. Usipoziba ufa, wahenga walisema, utajenga ukuta.

Habari njema ni kwamba si lazima ubomoe nyumba wala ununue vigae vya bei ghali. Katika makala haya tutatumia mfano wa chumba chenye urefu wa mita 1.8, upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 2.4, yaani ukubwa wa stoo ya kawaida. Kwa takribani Sh15,000, bila kuhesabu mashine ya kufulia, chumba cha aina hiyo chaweza kugeuzwa kuwa mahali pakavu, salama na penye mpangilio.

Anza kwa kuuliza na kupima

Ikiwa wewe ni mpangaji, jambo la kwanza ni kuzungumza na mwenye nyumba au wakala wake. Eleza unachonuia kufanya na uombe ruhusa kwa maandishi, hasa iwapo utagusa sakafu, mabomba au nyaya za umeme. Kuna wapangaji waliotumia fedha zao kuboresha nyumba, kisha wakakatwa amana walipohama kwa madai kwamba waliharibu ukuta. Wapo pia wenye nyumba ambao hukubali gharama ya vifaa ipunguzwe kwenye kodi, almuradi wameonyeshwa risiti. Huwezi kujua kabla ya kuuliza.

Pili, chukua futi ya kupimia na uandike urefu, upana na kimo cha chumba, upana wa mlango, na umbali kutoka mfereji hadi tundu la kutolea maji machafu. Vipimo hivi ndivyo vitakavyokuepusha na hasara. Mashine nyingi za kufulia zinazofunguliwa kwa mbele zina upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 85, na zinahitaji nafasi ya ziada ya sentimita 10 hivi kwa nyuma kwa ajili ya mipira ya maji. Si ajabu mtu kununua mashine na kugundua langoni kwamba haipiti.

Tatu, chunguza unyevu unatoka wapi kabla ya kununua rangi. Bandika kipande cha karatasi ya plastiki ukutani kwa utepe pande zote nne na ukiache kwa siku mbili. Ukikuta matone upande wa ndani, ulioelekea ukuta, maji yanatoka ukutani kwenyewe. Pengine bomba linavuja au choo cha jirani kina kasoro. Matone yakiwa upande wa nje, shida ni mvuke wa chumbani usio na pa kutokea. Tatizo la kwanza hutibiwa na fundi wa mabomba, la pili hutibiwa kwa kuongeza hewa. Kupaka rangi juu ya ukuta unaovuja ni kutupa fedha.

Sakafu ndiyo msingi wa kila kitu

Maji yanayotuama ndiyo chanzo cha utelezi, harufu mbaya na mbu. Sakafu ya chumba cha kufulia yafaa kuinama kuelekea tundu la maji machafu, kwa kiasi cha sentimita mbili kwa kila mita moja. Katika chumba chetu cha mfano, fundi ataanza na unene wa sentimita sita hivi upande wa mlangoni na kushuka hadi zaidi kidogo ya sentimita mbili penye tundu.

Kwa eneo hilo la mita mraba 2.7, mfuko mmoja wa simiti wa kilo 50 unatosha ukichanganywa na mchanga safi mara tatu ya ujazo wake, yaani takribani ndoo sita za lita 20 ambazo hazikujazwa pomoni. Ongeza dawa ya unga ya kuzuia maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Kabla ya kumwaga mchanganyiko, sakafu ya zamani ichongwechongwe kwa tindo, isafishwe na kuloweshwa ili ile mpya ishikamane nayo.

Mwambie fundi asilainishe sakafu kama kioo. Sakafu iliyosuguliwa mno huvutia macho ikiwa kavu, lakini maji ya sabuni yakimwagika huwa hatari kwa wazee na wajawazito. Afadhali apitishe ufagio juu yake wakati simiti bado mbichi ili ibaki na mikwaruzo midogo.

Mlangoni, jenga kizingiti kitakachopanda sentimita tano hivi juu ya sakafu mpya ili maji yasiingie ukumbini. Kisha uwe na subira. Simiti hupata nguvu kwa kutunzwa ikiwa na unyevu, si kwa kukaushwa haraka. Inyunyizie maji kila siku kwa siku saba na usiweke uzito wowote juu yake katika kipindi hicho.

Penye tundu la maji machafu, weka kichujio cha kuzuia vifungo, nyuzi na soksi za watoto, na chini yake bomba lenye shingo iliyopinda. Maji yanayobaki kwenye shingo hiyo huziba njia ya harufu na mende. Ukisafiri kwa wiki kadhaa maji hayo hukauka, hivyo ukirudi mwaga jagi moja kwanza. Aidha, hakikisha maji ya sabuni yanaelekezwa kwenye bomba la maji taka, wala si kwenye mtaro wa maji ya mvua unaoishia mtoni.

Kuta na hewa

Kwaruza rangi iliyobambuka, ila usiipige msasa ikiwa kavu. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni hatari, hasa kwa watoto. Ilowanishe kwanza, funika pua na mdomo, kisha kusanya mabaki yote na kuyatupa.

Penye kuvu, osha kwa dawa ya madoa yenye klorini iliyopunguzwa makali kwa maji, ukiwa umevaa glavu na kufungua mlango na dirisha. Kamwe usiichanganye dawa hiyo na dawa ya kusafishia choo yenye asidi, wala na kiowevu chenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu inayoweza kumlemea mtu kwa muda mfupi katika chumba kidogo.

Ukuta ukikauka, paka rangi ya msingi, halafu rangi ya mafuta au aina nyingine inayooshwa kwa maji. Kuta nne za chumba chetu, ukitoa mlango, zina eneo la mita mraba 14 hivi. Kwa kuwa lita moja hufunika wastani wa mita mraba 10 kwa mkono mmoja, mkebe wa lita nne unatosha mikono miwili na kubakiza akiba kidogo. Chagua rangi nyeupe au ya maziwa, kwani hurudisha mwanga na kukifanya chumba kionekane kikubwa. Ikiwa kuna lipu mpya, iache ikauke kwa takribani wiki nne kabla ya kuipaka rangi ya mafuta, la sivyo itafura na kubambuka.

Vigae ni vizuri lakini si lazima. Mwenye fedha kidogo aweza kuvibandika nyuma ya mfereji na sinki pekee, mahali ambapo maji huruka. Mafundi wengi na maduka ya vifaa vya ujenzi huwa na mabaki ya vigae ambayo huuzwa kwa bei ya chini. Havitafanana, lakini vitazuia maji vilevile.

Kama chumba hakina dirisha, omba ruhusa ya kutoboa tundu karibu na dari na kuweka tofali lenye matundu, pamoja na kuacha mwanya chini ya mlango. Hewa baridi itaingia chini na mvuke kutokea juu bila kutumia umeme.

Okoa mgongo wa anayefua

Wengi wetu tumezoea kuona mtu akifua huku ameinama juu ya karai lililo chini. Mazoea hayo huumiza kiuno na magoti. Kwa gharama ndogo, fundi aweza kujenga meza ya matofali na zege. Beseni la kawaida lina kina cha sentimita 20 hivi. Kwa hivyo meza yenye kimo cha sentimita 65 hadi 70 itauweka ukingo wa beseni kwenye kiwango cha sentimita 85 hadi 90, kimo kinachowafaa watu wazima wengi. Mwite anayefua, asimame wima na kukunja viwiko, kisha upime. Ukingo uwe chini kidogo ya viwiko vyake. Beseni lenye lita 20 za maji lina uzito wa zaidi ya kilo 20, hivyo meza isiwe ya mbao dhaifu.

Mahali palipo na sinki la dobi lililojengwa chini mno, suluhisho rahisi ni kigoda cha kukalia na kuinua ndoo za kusuuzia juu ya matofali.

Chini ya meza hiyo patabaki nafasi ya ndoo na mitungi. Juu yake funga rafu mbili za mbao zilizopakwa rangi ili zisinywe maji. Rafu ya juu, isiyofikiwa na mtoto, iwe ya dawa za madoa na sabuni za maji. Ile ya chini iwe ya vibanio, brashi na sabuni za kipande. Misumari michache nyuma ya mlango itashika ubao wa kupigia pasi, ufagio na mifuko miwili ya nguo chafu, mmoja wa nguo nyeupe na mwingine wa nguo za rangi.

Maji ya akiba

Mwenye kuishi mjini hana haja ya kuelezwa maana ya mgao wa maji. Jijini Nairobi, mgao ulioanza Januari 2017 baada ya kina cha bwawa la Ndakaini kushuka uliwafunza wakazi wengi kupanga siku ya kufua kulingana na siku ya maji. Chumba cha kufulia kisicho na chombo cha akiba huwa mapambo tu siku mfereji unapokauka.

Pipa la lita 100 lenye kifuniko kizito litatosha familia ndogo. Kumbuka kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, hivyo usipange mapipa mengi kwenye roshani bila kupata ushauri. Kifuniko huzuia mbu kutaga mayai na, muhimu zaidi, huzuia mtoto kutumbukia. Mtoto anayetambaa aweza kuzama hata katika ndoo yenye maji ya kina kidogo. Mwaga maji ya ndoo mara umalizapo kufua.

Maji ya suuza ya mwisho yasimwagwe ovyo. Yatengee ndoo maalumu na uyatumie kumwagia choo au kuoshea sakafu siku hiyo hiyo, kwani yakilala huanza kunuka.

Mashine na umeme

Mashine si lazima, lakini anayenuia kuinunua yampasa kuzingatia mambo matatu. Kwanza ni nguvu za maji. Tangi lililoinuliwa mita 10 juu ya mashine hutoa msukumo wa takribani bari moja. Lililo mita tatu pekee juu yake hutoa bari 0.3. Soma kwenye kijitabu cha mashine kiwango cha chini kinachotakiwa. Msukumo ukiwa mdogo, mashine yenye mapipa mawili, ambayo hujazwa kwa mkono au mpira, hufaa zaidi na huwa ya bei nafuu.

Pili ni umeme. Mashine inayochemsha maji hutumia wati 2,000 au zaidi. Soketi ya Kenya ya volti 240 na ampea 13 hubeba kiasi cha wati 3,100, kwa hivyo usiunganishe pasi na mashine kwenye waya mmoja wa nyongeza. Soketi iwekwe mbali na mfereji, juu ya kiwango cha maji yanayoruka, na iwe na waya wa kupeleka umeme ardhini pamoja na swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja. Kazi hii si ya kujaribiwa na jirani mwenye bisibisi. Tafuta fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, na ununue vifaa vyenye alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS.

Tatu, kabla ya kuwasha mashine mpya inayofunguliwa kwa mbele, toa bolti zinazoshikilia pipa lake wakati wa usafirishaji. Anayesahau hatua hii huishia na mashine inayorukaruka na kuharibika mapema.

Kuanika wakati wa mvua

Jua ndilo kikaushio bora na halina bili. Lakini katika mvua ndefu za Machi hadi Mei, na mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, familia nyingi hulazimika kuanika ndani. Kilo nne za nguo zilizokamuliwa kwa mashine huweza kubaki na lita mbili za maji, na maji yote hayo huingia hewani. Ikiwa chumba ni hicho wanacholala watoto, kuvu itaota na wenye pumu watataabika.

Katika chumba cha kufulia, tengeneza fremu ya mbao yenye kamba tano au sita na kuining'iniza darini kwa kamba na kapi. Ishushe, anika, kisha ivute juu. Acha nafasi ya vidole vinne kati ya nguo na nguo, na uache dirisha wazi.

Onyo moja halina budi kurudiwa. Usiingize jiko la makaa chumbani ili kukausha nguo. Makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo imeua watu wengi waliolala madirisha yakiwa yamefungwa.

Kwa wanaoishi katika maeneo ya joto, nguo mbichi zilizoanikwa kivulini huweza kutagwa mayai na nzi wa embe, ambaye viluwiluwi vyake hupenya ngozi na kusababisha majipu. Piga pasi yenye moto pande zote mbili za nguo, hasa nepi, nguo za ndani na mishono, ili kuyaua mayai hayo.

Hesabu ya fedha

Bei hutofautiana baina ya mji na mji, hivyo zuru angalau maduka matatu kabla ya kununua. Huu ni mfano wa namna ya kugawa Sh15,000:

Simiti, mchanga, dawa ya kuzuia maji na kichujio – Sh2,500

Mfereji na vipande vya bomba – Sh1,500

Rangi, brashi na msasa – Sh2,800

Matofali ya meza na mbao za rafu – Sh1,700

Kamba, kapi na misumari – Sh1,000

Ujira wa fundi na msaidizi kwa siku mbili – Sh4,000

Akiba ya dharura – Sh1,500

Akiba hiyo, ambayo ni asilimia 10 ya fedha zote, isiguswe hadi kazi itakapokamilika. Bomba lililooza halionekani mpaka sakafu ichongwe. Waya za umeme hazimo katika hesabu hii. Ikiwa soketi mpya yahitajika, iombee bei yake kando.

Kwa mwenye mapato ya kuungaunga, kazi yaweza kugawanywa kwa miezi mitatu. Mwezi wa kwanza shughulikia uvujaji wa maji, sakafu na tundu la maji machafu. Wa pili paka rangi na kuongeza hewa. Wa tatu jenga meza, rafu na fremu ya kuanikia. Mpangilio huu usigeuzwe, kwa maana anayeanza na rafu na rangi hulazimika kuzibomoa fundi wa sakafu anapofika.

Lipa fundi kwa awamu: sehemu anapoanza, sehemu katikati na salio baada ya kumwaga ndoo nzima ya maji sakafuni na kushuhudia yakielekea tunduni yote. Yakibaki kidimbwi hata kimoja, kazi haijaisha.

Na siku ya kwanza ya kufua katika chumba hicho kipya, muulize anayekitumia kama mgongo unamuuma. Jibu lake ndilo litakalokuambia iwapo fedha zako zilikwenda mahali pazuri.